Jua la Masika: Niliyojifunza Nikiandika Riwaya ya Maguta ya Sola

Paa la bajaji lina nafasi ya paneli za sola za mita mbili za mraba, na hapo umebana kweli kweli. Jua la saa sita mchana, anga likiwa safi, hushusha takribani wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama sehemu moja ya tano ya hizo kuwa umeme. Paa zima basi linatoa wati 400 jua likiwa utosini, na ukijumlisha asubuhi, mchana na jioni, siku njema ya pwani yetu inakupa sawa na saa tano za jua la namna hiyo. Hizo ni wati-saa 2,000, yaani yuniti mbili, zile zile tunazonunua kwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Toa kinachopotea kwenye joto, nyaya na chaja, unabaki na yuniti moja na nusu. Bajaji ya umeme iliyopakia vizuri hula kama wati-saa 60 kwa kila kilomita. Siku nzima ya jua, kwa hiyo, ni kilomita 25.

Nafundisha fizikia sekondari mkoani Lindi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika riwaya inayotokea mwaka 2061 kwenye pwani ya Kilwa. Mhusika mkuu ni Mwanahamisi, mama wa watoto wawili, dereva wa guta la umeme, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, lenye paneli juu ya kibanda chake. Anabeba samaki, mpunga, madumu ya maji, wagonjwa, na msiba ukitokea anabeba jeneza. Hesabu ya kilomita 25 niliiandika kabla hata sijampa jina. Wenzangu wa ofisi ya walimu waliponiona nikijaza daftari tarakimu walidhani naandaa mtihani.

Lita moja ya petroli ina nishati ya yuniti tisa hivi, ila injini ndogo hutupa sehemu kubwa kama joto na kufikisha magurudumuni chini ya robo. Kwa hiyo siku nzima ya jua juu ya paa la bajaji inafanya kazi inayokaribia ya lita moja ya petroli. Sentensi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza ninapoandikia. Mwandishi anayempa mhusika wake jua lisilokwisha amemnyang'anya hadithi, maana mtu mwenye nguvu zisizo na mwisho hana sababu ya kuchagua, na asiyechagua hatuna la kumfuatilia. Mwanahamisi ana lita moja ya jua kwa siku. Akimpeleka mjamzito hospitali asubuhi, samaki wa dada yake wataoza. Riwaya yangu yote imejengwa juu ya uchaguzi wa aina hiyo, na nina imani kwamba riwaya yoyote ya tabianchi inayoandikwa na sisi wa huku inapaswa kuanza na kipimo halisi cha kitu kinachopungua.

Kabla ya kumwachia Mwanahamisi barabara, nilisoma habari za waliokwisha kujaribu. Mwaka 1987 yalianza mashindano ya magari ya jua nchini Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, kilomita 3,000 hivi, na mshindi wa kwanza, Sunraycer la General Motors, alikwenda kwa wastani wa kilomita 67 kwa saa. Ni kazi ya kustaajabisha, ila gari lile lilibeba mtu mmoja tu, bila gunia wala abiria. Mwaka 2023 wanafunzi wa Eindhoven, Uholanzi, waliendesha gari lao Stella Terra zaidi ya kilomita 1,000 nchini Moroko mpaka kwenye mchanga wa Sahara, kwa umeme wa paneli za paani. Gari lao lina uzito wa kilo 1,200 hivi, na katika wepesi huo ndimo ilimo siri yote. Januari ya mwaka huo huo, kampuni ya Lightyear, ya huko huko Uholanzi, ilisimamisha utengenezaji wa gari lake la sola lililokuwa likiuzwa kwa Yuro 250,000.

Karibu na nyumbani kuna Kayoola. Mwaka 2016 Kiira Motors ya Uganda ilizindua Kampala basi la umeme la watu 35 lenye paneli juu ya paa, likiwa na uwezo wa kwenda kilomita 80. Nilizitazama picha zake kwa fahari kubwa, na bado nazionyesha darasani, kwa sababu wanafunzi wangu wanastahili kujua kwamba vitu hivi vinabuniwa pia na watu wanaokula matoke. Mabasi yaliyofuata ya kampuni hiyo, Kayoola EVS, yalitegemea betri kubwa inayochajiwa kituoni. Zimbabwe nako, katika wilaya ya Wedza, tangu 2019 kampuni ya Mobility for Africa imekuwa ikiwakodishia wanawake wa vijijini maguta ya umeme yanayoitwa Hamba. Paneli zipo kituoni, mwanamke anafika na betri iliyokwisha, anaondoka na iliyojaa.

Kutoka Wedza ndipo kijiji changu cha kubuni kilipopata umbo. Paneli kubwa nikaziteremsha chini, nikaziweka kwenye kiwanja cha shule ya msingi, paneli 20 za wati 400 kila moja. Ile ndogo ya paani nikamwachia Mwanahamisi kama akiba ya kurudi nyumbani akikwamia njiani. Dereva mmoja aliyesoma rasimu alisema hicho ndicho kipande alichokiamini zaidi: chombo kinachoweza kuegeshwa chini ya jua kwa saa mbili kikapata nguvu ya kufika kijiji cha pili. Petroli ikikuishia porini, ukae saa mbili au siku mbili, haiongezeki hata tone.

Sasa masika.

Watu wengi wanaosifu sola husahau majira. Wingu zito la masika linaweza kuishusha paneli hadi sehemu ya tano au hata ya kumi ya uwezo wake, na kilomita 25 zikageuka tano au pungufu. Kilomita tano ni kwenda, bila kurudi. Hilo nililijua kama mwalimu. Kilichonikaa rohoni ni nilipoanza kupanga tarehe za vimbunga daftarini. Aprili 1872, dhoruba ilivunja vyombo vya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, bandarini Unguja na kung'oa minazi na mikarafuu kwa maelfu. Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019, Kenneth aliingia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini kidogo tu mwa Mtwara. Aprili 2021, Jobo alitukaribia akanyong'onyea kabla ya kufika. Mei 2024, Hidaya.

Tazama miezi. Vimbunga huhitaji bahari yenye joto na pia msukumo wa dunia inavyozunguka, na msukumo huo ni hafifu sana karibu na ikweta. Sisi wa nyuzi tisa kusini tupo pembezoni mwa njia yao, kwa hiyo huja mara chache, na vikija, aghalabu huja kaskazi ikiwa imekatika, bahari ikiwa bado ina joto na masika imeshika. Maana yake siku ambayo gari la jua linahitajika kuliko siku nyingine zote ndiyo siku ambayo jua halipo. Nilipoliona hilo, mpangilio wa riwaya ulikaa wenyewe. Inaanza siku ya kwanza ya mawingu na kwisha siku jua linaporudi, na kila sura ina idadi ya yuniti zilizobaki kituoni.

Hidaya sikumsoma vitabuni. Mvua zile zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, abiria walilala kwenye mabasi pande zote mbili za maji, na huku kusini tulihesabu siku kwa bei ya vitu dukani. Mwezi mmoja kabla yake, Rufiji na Kibiti zilikuwa zimefurika, watu wakipita kwa mitumbwi juu ya mashamba yao. Na miezi miwili kabla ya mafuriko hayo, Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ulikuwa umeanza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa. Bwawa zima ni megawati 2,115. Wasomaji wa rasimu huniuliza kwa nini nihangaike na paneli 20 za shule wakati kuna umeme wote huo. Ninaufurahia umeme wa Rufiji kwa dhati. Lakini umeme ule hupita juu ya nguzo, na nguzo zikilala chini kwenye tope hakuna megawati itakayofika kwa mkunga wa kijiji kilichokatwa. Kila kijiji kinahitaji nguvu kidogo iliyo yake, ya kuvuka nayo wiki ile mbaya.

Sura ya nne ilizaliwa kijiweni. Nimezoea kusoma kurasa zangu kwa sauti mbele ya madereva wa bajaji jioni wanapopungukiwa na abiria. Ni wasikilizaji wakali, hawana muda wa maneno ya kupamba. Siku hiyo nilisoma kipande ambacho Mwanahamisi anabadilisha betri kituoni. Mmoja wao, mtu mzima kuniliko, ambaye kijiwe kizima humwita Mjomba, akaniinulia mkono.

"Mwalimu, huyo dada anapeleka hesabu kwa nani?"

Nikamwambia, "Guta ni lake, Mjomba."

"Guta lake, sawa. Na betri?"

Kwa asiyejua maisha ya bajaji nieleze kidogo. Wengi wa madereva hawamiliki wanachoendesha. Kila jioni dereva anampelekea tajiri hesabu, kiasi walichopatana, mvua inyeshe isinyeshe. Wengine wana mkataba, wanapeleka fedha kwa mwaka na zaidi, mwisho chombo kinakuwa chao, kikiwa tayari kimechakaa. Na kwenye chombo cha umeme kilicho ghali kuliko vyote ni betri. Mjomba aliona haraka kwamba ukimpa mtu guta bila betri umempa kibanda chenye matairi.

Jioni ile niliandika mpaka usiku. Katika sura ya nne, betri za kituo ni za tajiri wa mbali, zina kufuli la ndani linalofunguliwa kwa namba zinazotumwa kwenye simu baada ya malipo. Sikubuni kitu kigeni: mitambo ya sola ya majumbani inayolipiwa kidogo kidogo tayari hujifunga mteja akichelewa kulipa. Nilichoongeza ni kimbunga. Mnara wa simu unaanguka. Kituoni kuna betri tisa zilizojaa, chaji imo ndani, na hakuna hata moja inayokubali kuwasha guta, kwa kuwa namba haziwezi kufika. Mwanahamisi ana fedha za kulipa mkononi, na fedha zake hazina pa kwenda. Mgonjwa amelala kwenye guta.

Ninaamini hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, na ninalisema wazi. Tunapozungumzia ustahimilivu wa tabianchi katika mikutano, iwe Nairobi Septemba 2023 au Dubai mwishoni mwa mwaka ule, mazungumzo huelekea kwenye fedha na mitambo. Mitambo tunaihitaji, na fedha tunadai kwa haki kabisa, maana sisi si tuliochafua hewa. Lakini mtambo ambao ufunguo wake uko mji mwingine utakusaliti siku mji huo usipofikika. Nani anamiliki betri ni swali la ustahimilivu sawa kabisa na urefu wa ukuta wa bahari.

Fundi anayenisaidia upande wa vitu vyenyewe anakaa Kilwa Kivinje. Hutengeneza sola za majumbani, redio na feni, na alinifundisha mambo ambayo vitabu vyangu vya fizikia havikuyagusa. Alinifungulia viungio vya nyaya vilivyokaa mwaka mmoja kwenye upepo wa bahari, shaba ikiwa imeota kutu ya kijani, umeme ukipita kwa shida. "Chumvi haina haraka, Mwalimu," aliniambia, na akanionyesha anavyopaka grisi kila kiungio kabla ya kukifunga. Alinionyesha pia paneli ya mchana, kuigusa tu unaondoa mkono. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza uwezo kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikifika nyuzi 60, ambako juu ya bati la pwani hufika, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu Mwanahamisi ameinua paneli yake sentimita chache kutoka paani, upepo upite katikati. Hakuna ukurasa unaoeleza kwa nini. Anafanya tu, na binti yake anamwona.

Kuhusu maji ya bahari nililazimika kuwa makini zaidi. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida, Marekani, mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyokuwa yamezama kwenye maji ya chumvi yalishika moto, mengine siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na betri iliyoharibika ndani inaweza kuwaka yenyewe. Riwaya inayowaambia watu wa pwani waweke betri vijijini bila kuwaambia hilo ingekuwa imewadhulumu. Kwa hiyo kituo changu hakiwezi kukaa usawa wa ardhi, na hapo nikawakumbuka Warufiji.

Nimekaa na wazee wa Rufiji nikiwauliza habari za zamani, na ningeweza kuandika kitabu kingine juu ya hayo peke yake. Walikaa bondeni kabisa, wakilima mpunga, na mafuriko yakipungua wakapanda mlao kwenye unyevu ulioachwa na maji. Mafuriko ya kawaida kwao yalikuwa mbolea. Mashambani walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, familia ikakaa juu miezi ya mpunga, maji yakipita chini, wakifukuza ndege na nguruwe. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamishia wengi miinukoni, kwenye vijiji vya Ujamaa, baada ya mafuriko makubwa. Mzee mmoja alinieleza alivyokuwa akilala dunguni utotoni akisikia maji chini ya mbao, na namna baba yake alivyochagua miti ya nguzo, ipi huoza upesi na ipi hudumu. Nilimwuliza kama dungu lingeweza kubeba tani moja. Akauliza, tani ya nini. Nikamwambia, betri. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akanitajia idadi ya nguzo na kina cha mashimo, na akasisitiza zitumike nguzo za mkoko, zifungwe kwa kamba na si misumari, maana msumari hula mti pale maji yanapopanda na kushuka.

Kituo cha betri cha mwaka 2061 ni dungu. Kina nguzo za mkoko kama alivyonielekeza, kimeezekwa kwa paneli, na kimesimama nyuma ya mikoko iliyopandwa upya. Delta ya Rufiji ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, na aliyewahi kukaa nyuma yake wimbi likija hahitaji kuelezwa kazi ya miti ile. Nimeziandika kurasa hizo kwa mapenzi kuliko zote. Sikutaka mji wa vioo wala magari yanayoruka. Nilitaka msomaji wa Utete au Njia Nne atambue nyumba ya babu yake ndani ya wakati ujao.

Mhariri mmoja aliyesoma muswada alishauri niongeze kasi, betri ya Mwanahamisi iwe ya aina mpya isiyokwisha, ili apambane na watu wabaya katika miji mingi. Ni mtu mwenye nia njema na ana uzoefu wa soko. Nilimshukuru, nikaendelea na betri inayokwisha. Kupanda kilima cha mita 100 na guta lenye uzito wa kilo 600, mzigo ukiwamo, hula wati-saa 200 hivi ukihesabu na kinachopotea kwenye mota. Hizo ni kilomita zaidi ya tatu za barabara tambarare. Tope likizidi, zidisha. Kwenye milima ya Matumbi mhusika wangu hushusha magunia mawili ya mchele chini ya kilima, anayafunika kwa turubai, anapanda na mgonjwa peke yake, akijua wazi kwamba akirudi huenda asiyakute. Hilo kwangu ni pambano tosha.

Ila tarakimu zenyewe zinahitaji adabu. Namsomea shangazi yangu kila sura ikikamilika. Yeye hakusoma fizikia, lakini amesikiliza hadithi maisha yake yote, na nikimzidishia maelezo ya wati hunikatiza: "Mwanangu, huyo mtu anakwenda au haendi?" Tangu hapo namba hairuhusiwi kuingia kwenye ukurasa mpaka awepo mtu anayelazimika kuamua kwa sababu ya namba hiyo. Yuniti sita zilizobaki, na watu wanne wanazitaka: namba hiyo inakaa. Ufanisi wa paneli kwa asilimia: huo unabaki daftarini kwangu, ukinilinda nisiandike uongo.

Yuniti hizo sita nilizipeleka darasani. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: ni siku ya tatu ya kimbunga, barabara imekatika, paneli 20 zimeleta yuniti sita tu tangu asubuhi. Kuna pampu ya kisima, friji ya chanjo ya zahanati, taa ya chumba cha kujifungulia, simu za kijiji kizima, na guta. Gaweni.

Kipindi kiliisha na hakuna aliyetoka. Msichana mmoja alitaka maji kwanza, kwa hoja kwamba baada ya mafuriko kipindupindu huua wengi kuliko upepo. Mvulana aliyekaa nyuma akajibu kwamba pampu ya maji machafu bila dawa ya kutibu maji haisaidii, na dawa iko ng'ambo ya mto, kwa hiyo guta kwanza. Mwingine, ambaye mama yake ni muuguzi, alisema friji inaweza kusubiri: zile zilizotengenezwa kwa ajili ya sola hukaa na baridi siku tatu au zaidi bila umeme ilimradi mlango haufunguliwi. Hilo lilikuwa kweli, na lilibadili hesabu yote. Kuhusu simu waligombana. Wengine waliona ni anasa. Binti mmoja mkimya akauliza mtu aliye kwenye paa la nyumba akizungukwa na maji atamwita nani kama simu yake imezima. Nikaacha chaki, nikaanza kuandika wanayosema.

Mkutano wa kijiji katika sura ya tisa ni mjadala wao, na kila aliyechangia anajua mstari wake uko wapi. Baada ya mkutano huo ndani ya riwaya, kijiji kinaamua kununua betri zake kwa utaratibu wa kikoba: kila kaya inaweka kidogo kila wiki, hisa zinaandikwa, na betri inaazimwa kwa zamu. Kinamama wa mtaani kwetu wanaendesha vikoba vyenye nidhamu kuliko mabenki mengi, kwa hiyo sikuona haja ya kubuni chombo kingine. Fundi wa Kivinje alisisitiza fundi wa kijiji awe na ufunguo wa betri na afundishe vijana wawili, nami nikaliweka hilo kama kifungu cha pili.

Kikoba kinahitaji katiba, na hiyo pia niliwaachia kidato cha tatu waiandike. Wamefika vifungu saba, vyote vipo kwenye muswada kama walivyoviandika, nimesahihisha tahajia tu. Kifungu cha nane kimewashinda. Mtu ambaye hajawahi kuweka hisa hata moja akija usiku na mgonjwa, apewe betri? Upande mmoja unasema apewe, kulipa kutafuata. Upande wa pili unaogopa kwamba mwaka wa pili hakuna atakayechangia, kwa kuwa kila mtu atajua anaweza kusubiri mpaka augue. Mjomba wa kijiweni, nilipompelekea swali hilo, alisema apewe, ila atakayeendesha awe mwanachama. Wanafunzi wameikataa hoja yake kwa kura, wakasema mgonjwa hawezi kusubiri dereva atafutwe. Muswada unakwenda kwa mchapishaji mwingine mwezi ujao, na kifungu cha nane nimekiacha kikiwa na mistari yote miwili, kwa sababu mpaka ukurasa wa mwisho mkutano wa Mwanahamisi nao haujaafikiana.